Kiatu Kimoja, Moja ya Kumi

Wamarekani waliopitia vikosi vya ngoma na buruji miaka ya 1960 na 1970 wana tabia moja inayowachosha wake zao, waume zao na watoto wao. Muulize mmoja wao aliwahi kushinda nini, atakuna kichwa, atataja kombe moja, na mwaka ataukosea. Muulize alikosea nini, hapo atavuta kiti. Atakutajia mji, uwanja, mstari wa yadi ya ngapi, wimbo uliokuwa ukipigwa, upepo ulikuwa ukitoka wapi, na ni mguu wake upi uliotangulia wenzake. Wa kushoto. Kilichokatwa: moja ya kumi ya alama.

Si kwamba wazee hawa wanapenda kujidhalilisha. Walilelewa hivyo. Kikosi kilipoingia uwanjani kilihesabiwa kuwa kamili, na sehemu kubwa ya alama zake 100 ilikuwa mikononi mwa majaji ambao kazi yao ilikuwa kupunguza tu. Jaji alitembea katikati ya vijana wakati wanapiga, ubao mkononi, kalamu tayari, na kila alipoona au kusikia kosa alichora kistari. Kistari kimoja, moja ya kumi. Mguu uliochelewa, moja ya kumi. Kijiti kilichogusa ngoma nukta baada ya vingine, moja ya kumi. Kulikuwa na majaji wengine huko juu jukwaani waliotoa alama kwa mvuto wa onyesho zima, lakini hao walikaa mbali na hakuna kijana aliyewaota usiku. Aliyeotwa ni yule wa chini, mwenye kalamu. Kwake hapakuwa na kistari cha kusifia. Kijana aliyepiga bila kosa kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuacha chochote kwenye karatasi; kwa kumbukumbu za mashindano, hakuwepo.

Kikosi cha enzi hiyo hakikuwa bendi ya shule. Hakikuwa na klarineti, saksafoni wala filimbi. Kilikuwa na buruji za ukubwa mbalimbali, ngoma, na kundi la bendera, ambalo pamoja na bendera lilizungusha panga na bunduki za mbao zilizopakwa rangi nyeupe. Hakuna aliyekaa. Wote walipiga huku wakitembea kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, wenye mstari kila baada ya yadi 5, na kila yadi 5 humalizwa kwa hatua 8. Hiyo ni hatua ya sentimita 57 hivi, kwa mwenye miguu mirefu na kwa mfupi sawasawa. Mrefu hujibana, mfupi hujinyoosha, na wote wawili hutakiwa waonekane wametulia. Vijana waliruhusiwa kushindana hadi umri wa miaka 21. Aliyefika mwisho alilia mbele za watu bila haya, hata kama msimu mzima alikuwa akilalamikia chakula.

Chimbuko lake ni vita. Askari wa Marekani waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza waliunda American Legion mwaka 1919, na haukupita muda mrefu matawi yake yakawa na vikosi vyao na mashindano ya kitaifa. Buruji za jeshi zilikuwepo tele na hazikuwa ghali. Baadaye maparokia ya Kikatoliki, maskauti na vilabu vya mitaa vikaona hapo ndipo pa kuwaweka vijana wasizurure. Holy Name Cadets walianza mwaka 1934 kwenye parokia moja ya Garfield, New Jersey. Madison Scouts wa Wisconsin walianza 1938, Boston Crusaders 1940, na Cavaliers wa Chicago walizaliwa 1948 kutoka kundi la maskauti namba 111, chini ya kijana aliyeitwa Don Warren.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na yake. Ngoma ya beni ilichipuka miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, na baada ya vita hiyohiyo ya kwanza askari waliorudi makwao wakaitawanya hadi bara. Makundi hasimu ya Marini na Arinoti yalishindana kwa sare, kwa vyeo na kwa karamu. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Tofauti kubwa ni kwamba mshindi wa beni aliamuliwa na mtaa, na mtaa huamua kwa kelele. Wamarekani wakachukua kitu kilekile, ngoma, tarumbeta, sare na majivuno, wakakipa mhasibu.

Uhasibu ulianza kabla hata ya noti ya kwanza. Mashindano ya zamani yalitanguliwa na ukaguzi. Vijana walipangwa mistari, wima, macho mbele, na wakaguzi wakapita wakitazama nywele, kola, vifungo, glavu, viatu na mng'ao wa buruji. Askari yeyote wa Tanzania au Kenya anaijua harufu ya asubuhi ya namna hiyo: Brasso, dawa ya viatu, na jasho la mtu ambaye hajaanza kufanya kazi. Kijana amekesha akisugua buruji mpaka anajiona humo. Amevaa suruali nyeupe, na kwa kuwa ni nyeupe amekatazwa kukaa, kuegemea, kula chenye rangi, na ikiwezekana kupumua. Amesimama wima ndani ya basi kuanzia shule waliyolala hadi uwanjani. Anashuka, anajiunga na mstari, mkaguzi anamfikia, anamtazama kofia, vifungo, glavu. Vyote sawa. Mkaguzi anashusha macho. Kwenye kiatu cheupe cha kulia kuna alama nyeusi ya soli, saizi kubwa, ya mwenzake aliyekuwa nyuma yake wakati wa kushuka. Kistari.

Kiongozi wa kikosi hakuwa na la kumwambia. Angesema nini? Kosa la kukanyagwa halina mtetezi.

Baada ya ukaguzi ndipo matatizo halisi yalipoanza, na la kwanza lilikuwa chombo chenyewe. Buruji ya jeshi haina pistoni. Inatoa sauti chache tu, zile za kuwaamsha askari na kuwaita kwenye chakula, na mtu anayetaka kupiga nayo wimbo wa kawaida hufika katikati akakuta noti anayoitaka haimo. Miaka ya 1930 ikaongezwa pistoni moja, iliyolazwa ubavuni na kubonyezwa kwa kidole gumba. Baadaye ikaja rota, iliyozungushwa kwa mkono wa pili. Hata hivyo noti nyingine ziliendelea kukosekana, na watunzi wakawa wanaugawa wimbo vipandevipande: hawa wapige hizi, wale wapige zile, na Mungu awakutanishe. Chama kikuu cha vikosi vya vijana, Drum Corps International, kiliruhusu pistoni mbili mwaka 1977 na tatu mwaka 1990. Tangu 2000 kikosi kinaweza kutumia ala za shaba za ufunguo wowote.

Rota ilikuwa na tabia zake. Ikikosa mafuta ilikwama, na ikikwama haikutoa taarifa. Mpigaji alijua tu pale alipopuliza noti moja ikatoka nyingine, mbele ya watu elfu kadhaa, wakati wa ule wimbo wa polepole ambao wote wamenyamaza kuusikiliza. Hapo ndipo vijana walipogundua siri ambayo waliotunga kanuni hawakuifikiria. Jaji alikata noti mbaya. Noti isiyosikika hakuweza kuikata. Kwa hiyo kijana mwenye rota iliyokwama alijikaza kisabuni: buruji juu, mashavu yamejaa, macho makali, na pumzi haitoki hata chembe. Palikuwa na vifungu vigumu ambavyo, ukiwaamini wakongwe, wapigaji 30 walisimama wameinua buruji na waliopiga kweli walikuwa wanane. Vilisikika safi kabisa.

Wapiga snea, zile ngoma ndogo za vijiti, hawakuwa na pa kujificha. Mstari wao ulitakiwa usikike ni mtu mmoja, na jaji wa ngoma alikuja kuwasikiliza kwa karibu mno. Alitembea kinyumenyume mbele yao, ameinama, sikio limeelekezwa kwenye vijiti, akihama kutoka mpigaji mmoja hadi mwingine. Kijana anaona upara wa mzee wa watu uko shubiri mbili kutoka kwenye ngoma yake. Anaona kalamu. Hatakiwi kuitazama kalamu, maana macho yanatakiwa yawe mbele, lakini jicho la pembeni halina nidhamu. Kalamu ikisogea, moyo unadunda. Moyo ukidunda, mkono wa kushoto unakaza. Mkono ukikaza, kijiti kinachelewa, na kalamu inasogea tena. Wapo waliokatwa mara mbili kwa kuogopa kukatwa mara moja.

Majaji nao walikuwa binadamu na walikuwa njiani. Mchoro wa gwaride uliandaliwa miezi mingi kwa ajili ya vijana mia na zaidi wanaopishana kwa hesabu, na haukuwa na nafasi ya mtu mzima anayerudi kinyumenyume akiandika. Mpiga ngoma kubwa, ambaye chombo chake kilimfunika kuanzia kitovu hadi kidevu, hakumwona jaji hata kidogo. Walikutana. Ubao ukaenda upande wake, kalamu upande wake, na ngoma ikatoa sauti ambayo mtunzi hakuiandika. Halafu likazuka swali la kisheria lililojadiliwa ndani ya mabasi hadi usiku wa manane: mlio wa ngoma iliyomgonga jaji, jaji anaweza kuukata?

Kuna kisa ambacho karibu kila kikosi kina toleo lake, na ndicho hupendwa zaidi wakongwe wanapokutana. Mvua imenyesha mchana. Uwanja umelowa, na mahali palipochezewa futiboli pamekuwa tope. Kikosi kinaingia kwa mbwembwe. Hatua ya 20 hivi, kijana wa buruji ya besi, ile kubwa inayobebwa begani, anakanyaga tope, anainua mguu, na kiatu kinakataa kuja. Kurudi hawezi, kusimama hawezi. Anaendelea na soksi. Kistari cha kwanza ni cha kiatu kilichodondoka. Cha pili ni cha mguu wa soksi, ambao haufanani na mingine. Mpaka hapo hasara inavumilika.

Ila kiatu kimebaki pale, cheupe, katikati ya njia. Mstari unaofuata unakijia kwa hatua za sentimita 57. Msichana wa bendera anakiona, anakikwepa kidogo kulia, na mstari unapinda: kistari. Wa nyuma yake anadhani ndivyo mchoro unavyotaka, naye anapinda: kistari. Mpiga timpani hakioni. Miaka hiyo timpani zilibebwa, kila mtu na yake moja, na kwa kuwa kila timpani ilikuwa na noti yake, watu wanne au watano walishirikiana wimbo mmoja. Anapokikanyaga na kuyumba, noti yake inakosekana, na wimbo wa watu wote unabaki na pengo. Vistari. Mwishowe jaji mwenyewe, anayerudi kinyumenyume akiandika yote hayo kwa bidii, anafika kwenye kiatu kwa kisigino. Wakongwe hulala chini kwa kicheko wanapofika hapa. Kijana mwenye kiatu, ambaye sasa ana magoti mabovu na wajukuu watano, hacheki sana. Anakumbuka kwamba walikosa fainali.

Upepo ulikuwa adui mwingine. Kofia za sherehe zenye shungi la manyoya marefu zilipendeza kwenye picha, na mahali palipotulia zilipendeza hata uwanjani. Penye upepo ziligeuka. Kamba ya kidevuni ilizuia kofia isiruke, haikuizuia isizunguke, na kijana alijikuta anatembea na ukingo wa kofia juu ya sikio. Kuirekebisha kwa mkono ni kosa. Kuiacha ni kosa. Akichagua kuiacha, ikimfunika macho, alitembea kwa kuhesabu, nane kwa yadi 5, akimtegemea Mungu na nidhamu ya waliokuwa pembeni yake. Bendera kubwa nazo ziliamua zenyewe zitazungukia upande gani. Msichana mwenye kilo 45 na bendera ya hariri siku ya upepo mkali haendeshi chochote. Anaendeshwa.

Waliozungusha bunduki za mbao walikuwa na shida ya peke yao, nayo ni taa. Mazoezi yalifanyika mchana, chini ya jua. Mashindano yalifanyika usiku, chini ya taa za uwanja. Bunduki inarushwa juu, inazunguka mara nne, tano, inapita kwenye mwanga, inatoweka. Kijana amebaki na mikono iliyo tayari na uso uliotulia, akiangalia mbele kama anavyotakiwa, akijua kwamba mahali fulani juu yake kuna mti unaoshuka. Aliyeidaka alipigiwa makofi. Aliyedakwa nayo alipewa barafu.

Kati ya mashindano na mashindano kulikuwa na barabara. Vikosi vilisafiri majira yote ya joto kwa mabasi, mara nyingi yale yaliyokwisha kuchoshwa na wamiliki wa kwanza, na vililala kwenye sakafu za ukumbi wa michezo wa shule. Mtu 1 kati ya 100 alijua swichi ya taa iko wapi, na huyo alikuwa amelala. Chakula kilikuwa mkate na siagi ya karanga, kesho yake siagi ya karanga na mkate. Kina mama walishona sare usiku, kina baba waliendesha malori, na vikosi vikubwa viliingiza fedha kwa kuendesha michezo ya bingo, jambo lililomaanisha kwamba nyuma ya shungi la kila kofia palikuwa na bibi mmoja aliyepoteza dola zake siku ya Alhamisi. Sikukuu ya tarehe 4 Julai iliwakuta vijana kwenye gwaride la mji mmoja asubuhi, mji wa pili mchana na mashindano usiku, na sare ileile, mtu yuleyule, na harufu inayojulikana.

Mwaka 1971 baadhi ya vikosi vilichoka kuwa askari. Cavaliers waliingia uwanjani wakiwa sarakasi. Madison Scouts waliingia wakiwa wahusika wa hadithi ya Alice in Wonderland. Garfield Cadets, ndio wale Holy Name Cadets wa zamani, wakachora uwanjani kwa miili yao alama ya amani, wakati vita vya Vietnam vinaendelea, kwenye mchezo ulioasisiwa na wastaafu wa jeshi. Mtu anaweza kumwonea huruma jaji wa siku hiyo. Mafunzo yake yote yalimwandaa kukagua kama kola ya askari imelala sawa. Hakuna kanuni iliyosema manyoya ya simba yachanwe kuelekea wapi.

Mwaka uliofuata viongozi wa vikosi, wakiwemo Don Warren wa Cavaliers na Jim Jones wa Troopers kutoka Wyoming, walikuwa wameunda chama chao, Drum Corps International, ili waamue wenyewe kanuni na malipo. Ubingwa wa kwanza ulifanyika Agosti 1972 mjini Whitewater, Wisconsin, vikashindana vikosi 39, na Anaheim Kingsmen kutoka California wakaondoka na ushindi. Kalamu iliwafuata huko huko. Uongozi ulibadilika, moja ya kumi ilibaki.

Walioipatia dawa ni Bridgemen wa Bayonne, New Jersey. Katikati ya miaka ya 1970 walivua mavazi ya kijeshi wakavaa makoti marefu ya njano na kofia pana, wakaingia uwanjani na vituko, na kituko chao kilichovuma kuliko vyote kilikuwa kuzimia. Muziki ulipofika kileleni kikosi kizima kilianguka chini, ngoma, buruji, bendera na watu, puu, kikalala. Watazamaji walipagawa. Jaji akabaki amesimama peke yake kati ya miili, na kalamu yake. Akate nini? Wote wameanguka, wameanguka pamoja, na wameanguka kwa wakati. Kosa pekee lililobaki kufanyika ni mtu kusahau na kubaki wima. Miaka ya 1980 Velvet Knights wa Anaheim walikwenda mbali zaidi, wakacheza uwanjani na raba miguuni kwa utani wa makusudi. Baada ya nusu karne ya kupaka viatu dawa nyeupe, palikuwa na vijana wanaoshangiliwa kwa raba.

Lakini wengi hawakuwa Bridgemen, na hesabu iliwabana. Mfumo wa kukata ulimwadhibu anayethubutu. Kikosi kilichobuni mchoro mgumu na muziki wa kasi kilikuwa na nafasi nyingi zaidi za kukosea kuliko kilichotembea moja kwa moja kikipiga kile ambacho kila mtu anakiweza. Walimu walilalamika kwa miaka. Mwaka 1984 Drum Corps International ikaachana na vistari. Majaji wakaanza kutoa alama kwa kilichofanyika, badala ya kunyang'anya kwa kilichoharibika, na baadaye michoro ikawa ya kasi na ya hatari ambayo vijana wa 1965 wangeikataa kwa sababu za kiafya.

Wakongwe walipaswa kufurahi. Wengi walinung'unika. Jukwaani, hasa kwenye viti vya juu ambako huketi wenye mto wao na darubini, bado wapo wanaohesabu kwa vidole. Buruji moja imeshuka kabla ya nyingine: kidole. Bendera imegusa nyasi: kidole. Vijana wa sasa hushindania fainali Indianapolis, ndani ya uwanja wenye paa, hakuna mvua, hakuna upepo, hakuna tope, na mzee anayeangalia anaona wamepunjwa kitu ambacho hawezi kukieleza vizuri kwa mke wake. Wapo wanaorudi wenyewe. Vikosi vya wakongwe huundwa kila baada ya miaka kadhaa kwa sherehe za kumbukumbu, na wanaume waliopita miaka 60 hufanya mazoezi majira ya baridi ili wapige dakika chache mbele ya watu. Nyimbo zinakuja zenyewe, vidole havijasahau. Suruali ndiyo inayokuwa na maoni tofauti.

Malalamiko yao yana hoja moja nzito, nayo ni ya lawama. Mwaka 1993 Star of Indiana walishindwa na Cadets kwa alama 97.30 dhidi ya 97.40. Moja ya kumi kamili. Kwa kanuni za 1973 jambo hilo lingemalizwa kwa mguu mmoja na jina la mwenye mguu. Chini ya kanuni mpya halikuwa kosa la yeyote, lilikuwa maoni ya majaji, na mashabiki wamebishania onyesho lile la Star tangu siku hiyo bila kuchoka.

Kisha ikaja 2008. Fainali ilikuwa Bloomington, Indiana. Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walicheza Spartacus, wakapata 98.125. Blue Devils wa Concord, California, wakapata 98.100. Tofauti ni robo ya moja ya kumi, na kwa hesabu za zamani hakuna kosa dogo kiasi hicho. Hata kiatu kilicholegea kamba kingekula kistari kizima. Blue Devils walipanda mabasi yao bila mtu wa kumwangalia vibaya. Enzi za kalamu angekuwepo kijana mmoja anayejua kabisa kwamba ni yeye, amekaa siti ya nyuma na mkate wake wa siagi ya karanga, hasemi na mtu. Angekaa hivyo maili 40 hivi, mpaka mpiga snea akiri kwamba na yeye alikatwa moja, na msichana wa bendera aseme yake zilikuwa mbili, na mtu wa besi aape zake ni tatu na jaji aliziona zote. Kabla ya mji unaofuata basi zima lingekuwa linagombania ni nani hasa aliyewapotezea ubingwa.